Mkono Mwepesi kwa Mgonjwa Anayetibiwa Saratani

Mada iliyotolewa kwa wakazi katika mkutano wa kata kuhusu huduma za afya



Mkono ndio dawa ya kwanza ya nyumba. Mtoto akiteguka mguu, hukandwa. Mzazi akitoka kujifungua, hukandwa kwa maji ya moto. Mzee akiamka na kiuno kilichokaza, huchuliwa kwa mafuta kabla jua halijapanda. Hakuna anayengoja zahanati ifunguliwe ndipo amshike mgonjwa wake. Desturi hiyo ni njema, na mkutano huu haukuitishwa ili kuikataza. Umeitishwa ili kujibu swali ambalo desturi yenyewe haikupata kulijibu, kwa kuwa zamani halikuwapo: mkono huohuo ufanye nini pale mgonjwa anapokuwa katikati ya matibabu ya saratani?

Ichukuliwe mfano nyumba moja, ambayo si ya mtu yeyote aliyeketi hapa, lakini yaweza kuwa ya yeyote. Mama wa miaka hamsini amerejea kutoka Dar es Salaam. Ameondolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, na sasa huwekewa dawa mshipani kila baada ya majuma matatu. Katika nyumba hiyo wako watu wawili wanaompenda. Wa kwanza ni dada yake mkubwa, mkandaji anayesifiwa kijiji kizima kwa mikono yake yenye nguvu. Wa pili ni mwanawe wa kiume, ambaye humletea mama yake chakula, akakiweka karibu na mlango na kuondoka upesi, kwa sababu ameambiwa kwamba ugonjwa ule huambukiza.

Asubuhi moja dada anauona mkono wa kushoto wa mgonjwa umevimba. Anachemsha maji, anatafuta mafuta, anasema: "Lete huo mkono, mdogo wangu. Damu imesimama hapo, niichue ipite." Mgonjwa anamwogopa dada yake kidogo na kumheshimu sana, basi ananyoosha mkono.

Ndugu wananchi, mmoja katika nyumba hiyo anataka kugusa kupita kiasi, na mwingine hagusi kabisa. Wote wawili wanakosea, na wote wanakosea kwa mapenzi. Mada hii inahusu njia iliyopo kati yao.

Somo kutoka Japani

Shida ya dada huyo si ya kijiji kimoja. Wakandaji wa nchi za mbali wameikuta pia, na namna walivyoitatua yafaa kusikilizwa. Huko Japani ipo tiba ya mikono iitwayo shiatsu. Neno hilo limeundwa kwa maneno mawili: shi, yaani kidole, na atsu, yaani shinikizo. Mwenye kutoa tiba hiyo hatumii mafuta wala hamvui mgonjwa nguo. Mgonjwa hulala juu ya godoro jembamba lililotandikwa sakafuni, naye mtaalamu humbonyeza kwa kidole gumba, kwa kiganja, na wakati mwingine kwa kiwiko au goti, akiuegemeza uzito wa mwili wake polepole.

Mtu aliyeieneza zaidi tiba hiyo ni Tokujiro Namikoshi, ambaye mwaka 1940 alifungua chuo chake mjini Tokyo. Mwaka 1964 serikali ya Japani iliitambua rasmi shiatsu kuwa tiba inayojitegemea, tofauti na aina nyingine za ukandaji. Mpaka leo, anayetaka kuifanya kazi hiyo nchini humo husoma kwa muda usiopungua miaka mitatu, kisha hufanya mtihani wa taifa. Wajapani waliona kwamba mkono unaoweza kutuliza ni mkono unaoweza pia kudhuru, na kwa hiyo hauachwi bila mafunzo.

Tiba hiyo ilipofika Ulaya, ikaanza kutolewa katika baadhi ya hospitali na nyumba za kuwatunzia wagonjwa, wataalamu wake walikutana na watu wanaotibiwa saratani. Hapo iliwalazimu kuacha sehemu kubwa ya nguvu walizofundishwa. Kiwiko na goti viliwekwa kando. Kidole gumba kikapisha kiganja. Mgonjwa asiyeweza kulala chali aliachwa aketi kitini au alale ubavu. Muda ulipunguzwa, na kabla ya jambo lolote mgonjwa aliulizwa: umepata dawa lini, vipimo vya damu vikoje, wapi panauma, wapi umechomwa mionzi? Fundi mwenye miaka mingi ya kazi alijifunza upya, na alichojifunza kilikuwa kupunguza.

Hilo ndilo somo ambalo wakandaji wa kata hii wanaweza kulichukua bila kwenda Japani.

Mwili ulio katika matibabu

Ili kuelewa kwa nini nguvu ipunguzwe, ni lazima kujua matibabu yanafanya nini mwilini. Saratani hutibiwa hasa kwa njia tatu, ambazo mara nyingi huunganishwa: upasuaji, mionzi na dawa. Kila njia huacha alama yake, na alama nyingine hazionekani kwa macho.

Dawa za saratani huua chembe zinazozaliana kwa haraka. Chembe za saratani huzaliana kwa haraka, lakini hata uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, nao huzalisha kwa haraka. Ndiyo maana dawa hizo hupunguza pia chembe za damu. Chembe nyeupe zikipungua, mwili hukosa askari wa kupigana na vijidudu. Chembe sahani zikipungua, damu hukosa uwezo wa kuganda panapotokea jeraha. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka sana, mbonyezo ambao jana haukuacha alama yoyote leo unaweza kuvujisha damu chini ya ngozi. Kwa dawa nyingi, hali hiyo huwa mbaya zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kuwekewa dawa, yaani wakati mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani, mikononi mwa ndugu zake.

Baadhi ya dawa huumiza pia mishipa ya fahamu ya vidole vya mikono na miguu. Mgonjwa hupata ganzi, na kwa sababu hiyo hawezi kusema kwa hakika kwamba maji ni ya moto mno au kwamba mkono umezidi nguvu. Anayemkanda huchukua ukimya wake kuwa ni ruhusa, kumbe ni ganzi.

Mionzi nayo hupita katika ngozi ili kuifikia saratani. Eneo lililopigwa mionzi huweza kuwa jekundu au jeusi, likakauka, likachubuka kama lililoungua kwa jua kali. Ngozi hiyo haitaki maji ya moto, haitaki mafuta ya kuchua yenye kuwasha, wala majani yaliyopondwa. Inataka kuachwa, na kupakwa kile tu kilichoelekezwa na waliotoa mionzi.

Upasuaji, hasa wa titi, mara nyingi huondoa tezi za kwapani. Tezi hizo ni kama mifereji ya kuondolea maji ya mwili. Zikiondolewa, mkono wa upande huo huweza kuvimba, mara moja au baada ya miezi na hata miaka. Uvimbe huo si damu iliyosimama. Kuuchua kwa nguvu ni kuongeza maji mahali ambapo mfereji haupo, na kuumiza njia ndogo zilizobaki. Dada katika mfano wa nyumba ile alikuwa na nguvu, alikuwa na nia, na alikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Alichokosa ni habari hii moja tu.

Mahali ambapo mkono haupaswi kwenda

Yako mambo ambayo kila nyumba yenye mgonjwa wa saratani inapaswa kuyashika kama inavyoshika tarehe ya kurudi kliniki.

Uvimbe wenyewe usibonyezwe wala kukandwa, wala mahali palipofanyiwa upasuaji ambapo hapajapona.

Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukawa wa moto na kuuma, usichuliwe kabisa. Watu wenye saratani wako katika hatari kubwa kuliko wengine ya kupata damu iliyoganda ndani ya mshipa wa mguu. Bonge hilo likisukumwa linaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu na kuua. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe kituoni siku hiyohiyo, naye asitembezwe kwa umbali mrefu.

Mgonjwa ambaye saratani yake imefika kwenye mifupa asibonyezwe mgongoni, mbavuni wala nyongani, kwa kuwa mfupa ulioliwa na ugonjwa huvunjika kwa nguvu ndogo. Maumivu mapya ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea, au na kushindwa kuzuia mkojo au choo, ni dharura, wala si jambo la kungojea kesho.

Mwisho, kuchanjwa chale na kuumikwa kwa pembe havifai kwa mtu aliye katika matibabu haya. Damu yake haigandi kama kawaida, na kinga yake ni ndogo. Tundu ambalo kwa jirani lingepona kwa siku mbili, kwake linaweza kuwa mlango wa maambukizi yatakayomrudisha wodini. Kwa aliyetolewa tezi za kwapani, mkono wa upande huo uepushwe na kila aina ya jeraha, hata lile la kukata kucha vibaya.

Kile ambacho mkono unaweza

Aliyeyasikia yote hayo anaweza kuamua kwamba heri asimguse mgonjwa wake kabisa. Uamuzi huo nao ni kosa, na upo ushahidi wa kuupinga.

Nchini Marekani ulifanyika utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Wagonjwa 380 wenye saratani iliyokwisha kuenea, wote wakiwa na maumivu, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilikandwa na wataalamu. Kundi la pili liliwekewa tu mikono mwilini, mahali kumi, dakika tatu kila mahali, na watu ambao hawakuwahi kujifunza ukandaji wa aina yoyote. Mara baada ya kila kipindi, waliokandwa na wataalamu walipata nafuu kubwa zaidi. Lakini wale waliowekewa tu mikono nao walipata nafuu ya maumivu na ya moyo, na baada ya siku kadhaa tofauti kati ya makundi hayo haikuonekana tena.

Utafiti huo haukuwa na kundi la tatu ambalo halikuguswa kabisa, kwa hiyo haiwezekani kusema nafuu yote ilitokana na mikono. Huenda sehemu yake ilitokana na kuketi tu na mtu anayejali. Hata hivyo, kwa mwenye mgonjwa nyumbani, habari hiyo ina uzito. Mikono isiyo na ufundi, ikiwekwa kwa upole, haikuwa bure.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2004, hospitali moja kubwa ya saratani mjini New York ilitoa taarifa ya wagonjwa wake 1,290 waliopewa ukandaji wa aina mbalimbali, ukiwamo mguso mwepesi na ukandaji wa nyayo. Wagonjwa hao waliulizwa juu ya maumivu, uchovu, wasiwasi, kichefuchefu na huzuni kabla ya kukandwa na baada ya hapo, na vipimo vya dalili zao vilishuka kwa karibu nusu. Nao haukuwa na kundi la kulinganisha. Lakini hakuna hata mmoja kati ya tafiti hizi mbili uliosema kwamba saratani yenyewe ilipungua. Mkono hauponyi saratani. Mkono hupunguza mzigo wa kuibeba.

Tofauti hiyo ilielezwa vizuri na daktari Mwingereza Cicely Saunders, aliyefungua mjini London mwaka 1967 nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasioweza kupona. Yeye alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hiyo yana sura nne: ya mwili, ya akili, ya mahusiano na watu, na ya roho. Dawa ya maji ya mofini hushughulikia sura ya kwanza, na hakuna mkono unaoweza kuchukua nafasi yake. Lakini hakuna chupa ya mofini inayoweza kumwambia mama kwamba mwanawe bado anamtaka.

Namna ya kumgusa

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa uji, methali hiyo ni sahihi. Kwa mkono, kinyume chake ndicho sahihi: mgonjwa aulizwe, na aulizwe kila siku. Aliyetaka kushikwa jana huenda leo hataki. Jambo la kwanza, basi, ni ruhusa yake. Jambo la pili ni neno la muuguzi au daktari anayemtibu: aulizwe waziwazi ikiwa mgonjwa anaweza kukandwa kwa wepesi, na ni sehemu zipi ziachwe.

Baada ya hapo, anayemgusa anawe mikono kwa sabuni, akate kucha, avue pete na bangili. Mwenye mafua, kikohozi au homa akae mbali mpaka apone. Mafuta yenye harufu kali yasitumike, kwa kuwa mgonjwa aliyetoka kuwekewa dawa huweza kutapika kwa harufu tu.

Mgonjwa aketi au alale kwa namna anayoona raha, nguo zake zikiwa mwilini. Kiganja kiwekwe begani, kitulie, kisibonyeze, kwa muda wa pumzi kadhaa ndefu. Kisha kihamie kwenye mkono usio na uvimbe wala sindano, halafu kwenye nyayo, ikiwa miguu haina uvimbe. Kipimo cha nguvu ni kile anachotumia mama kumpaka mtoto mchanga mafuta. Zaidi ya hapo ni nyingi. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha. Mgonjwa akisinzia, aachwe asinzie.

Kutoka katika shiatsu na tiba nyingine za mashariki ya Asia, liko jambo moja dogo ambalo mtu anaweza kulifanya nyumbani. Upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe kutoka kwenye mkunjo wa kiganja kuelekea kwenye kiwiko, katikati ya kano mbili, pana mahali ambapo hubonyezwa kwa kidole gumba, kwa upole, dakika mbili au tatu, ili kutuliza kichefuchefu. Tafiti juu ya jambo hilo hazikubaliani zote: baadhi zimeona kichefuchefu kikipungua, nyingine hazikuona tofauti. Halina gharama, na halina madhara likifanywa kwenye mkono salama na kwa mtu ambaye ngozi yake haivii damu. Lakini haliondoi haja ya dawa ya kuzuia kutapika iliyotolewa hospitali.

Hofu isiyo na msingi

Sasa lipo neno kwa yule kijana anayeweka sahani karibu na mlango.

Saratani haiambukizwi kwa kushikana mikono, kula pamoja, kulala chumba kimoja wala kumkumbatia mgonjwa. Mionzi inayopigwa kutoka kwenye mashine haibaki mwilini. Mgonjwa akitoka chumba cha mionzi haangazi mionzi kwa mtu yeyote, awe mtoto au mjamzito. Katika saratani ya mlango wa kizazi, wakati mwingine chanzo cha mionzi huingizwa ndani ya mwili, lakini kwa kawaida hutolewa kabla mgonjwa hajaondoka hospitalini. Wapo wachache wanaomeza dawa yenye mionzi kwa ajili ya tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Hao hupewa masharti ya siku chache na waliowatibu, nao na wayafuate.

Tahadhari moja tu inawahusu wanaomhudumia mtu aliyewekewa dawa za saratani. Kwa saa 48 za mwanzo, mkojo, choo na matapishi yake huweza kuwa na mabaki ya dawa. Anayevisafisha avae glovu, na shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake. Tahadhari hiyo ni ya uchafu, si ya mtu. Hata katika saa hizo 48, mkono wake waweza kushikwa.

Ahadi za wanaopita

Wapo wanaopita vijijini wakidai kwamba mikono yao huyeyusha uvimbe, au kwamba wana mashine ya kubonyeza inayoondoa saratani bila hospitali. Wengine humtaka mgonjwa aache kwanza dawa zake "ili mwili usafike." Ndugu wananchi, usiache mbachao kwa msala upitao. Uvimbe ambao leo ungeweza kutibiwa huenda usitibike baada ya miezi mitatu ya kuchuliwa, na fedha iliyouziwa mbuzi na kiwanja hairudi.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inalitambua eneo hilo la tiba na kuweka Baraza la kusajili watoa huduma wake. Kwa hiyo yeyote anayejitangaza kwa kazi hiyo ana wajibu wa kuonyesha usajili wake, na mwananchi ana haki ya kuuona kabla ya kutoa hata shilingi. Usajili wenyewe haumpi mtu ruhusa ya kumtoa mgonjwa hospitalini. Mkandaji mwema hujulikana kwa jambo moja: huuliza mgonjwa anatibiwa wapi, na humhimiza arudi huko siku yake ikifika.

Huduma za kukimbilia

Huduma za kibingwa za saratani zinapatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na pia katika hospitali za kanda kama Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Lakini mlango wa kwanza ni zahanati ya kijiji na kituo cha afya. Hapo mgonjwa hupimwa na kupewa rufaa, na hapo ndipo anaporudi akipata tatizo baina ya tarehe zake. Asiye na uwezo wa kulipia amwone afisa ustawi wa jamii mapema, kabla ya safari, badala ya kuacha matibabu kimyakimya.

Mgonjwa aliye katika dawa za saratani apelekwe kituoni bila kuchelewa akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, akitokwa na damu puani, kwenye ufizi au katika haja, akipumua kwa shida, au mguu mmoja ukivimba. Homa hiyo isipozwe kwa vidonge vya nyumbani huku watu wakingoja kuche. Kadi yake ya matibabu iende pamoja naye, ili mhudumu ajue ni dawa gani aliyopewa na lini.

Mwenye maumivu makali asiambiwe avumilie. Maumivu ya saratani yana dawa, na kuomba dawa hiyo si udhaifu. Huduma ya kutuliza maumivu na kumtunza mgonjwa pamoja na familia yake, inayoitwa tiba shufaa, ni sehemu ya matibabu tangu mwanzo, wala si dalili kwamba mgonjwa amekatiwa tamaa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliopo katika vijiji waelezwe nyumba zenye wagonjwa, ili waweze kuwafikia na kuwaunganisha na kituo.

Kurudi katika nyumba ile

Inafaa kumaliza pale ilipoanzia. Katika nyumba ile ya mfano, dada mkubwa hakuuchua mkono uliovimba, kwa sababu kabla maji hayajachemka alipita muuguzi wa zahanati, akamweleza habari ya tezi na mifereji. Mkono ukainuliwa juu ya mto, na kesho yake mgonjwa akapelekwa kituoni aonekane. Dada alikaa kimya kwa muda mrefu. Mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa nguvu za mikono hawezi kufurahi kuambiwa kwamba nguvu hizo hazitakiwi. Mwishoni aliuliza: "Basi mimi nitamfanyia nini mdogo wangu?" Muuguzi alimjibu: "Mshike huu mwingine, mama. Usiuchue. Ushike tu."

Akaushika. Jioni yake kijana alipoleta chakula, aliwakuta hivyo, shangazi kwa jina la heshima lakini mama mkubwa kwa damu, akiwa ameketi mkekani na mkono wa mdogo wake katika viganja vyake. Aliitwa ndani. Aliingia na sahani mkononi, akatafuta mahali pa kukaa.

Mambo matatu yaondoke na kila mkazi katika mkutano huu. La kwanza: mgonjwa wa saratani aguswe, kwa kuwa ugonjwa wake hauambukizi na upweke humwumiza. La pili: aguswe kwa wepesi, baada ya yeye kuulizwa na baada ya mhudumu wa afya kuulizwa. La tatu: mkono usimtoe katika matibabu yake hata siku moja. Wakandaji wa kata hii wana hazina katika viganja vyao. Kinachoombwa kwao ni kwamba, mbele ya mgonjwa huyu, hazina hiyo itumike kidogokidogo.